Kusoma Mchoro wa Nyaya

Kwa miaka 38 nilikula mshahara wa serikali kwa kazi ya kufundisha watu kusoma. Nilianza mwaka 1972 nikitoka chuo cha ualimu, nikastaafu mwaka 2010 nikiwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi huku milimani Usambara. Katika muda huo nimeona kila namna ya msomaji. Yupo anayesoma kwa kidole, yupo anayesoma kwa midomo, na yupo yule anayemsumbua mwalimu kuliko wote, ambaye hasomi kabisa bali amekariri ukurasa mzima kwa kumsikiliza jirani. Huyo wa mwisho tulimgundua kwa hila ndogo. Tulifunika picha kwa kiganja, au tukamwanzisha katikati ya mstari, na papo hapo sauti yake ilikatika.

Sikutazamia kwamba uzeeni ningekaa upande wa pili wa dawati, nikisoma kwa kidole karatasi isiyo na sentensi hata moja.

Karatasi hiyo ni mchoro wa nyaya za umeme za Land Rover yangu, ile ndefu iitwayo 109, toleo la tatu, iliyotengenezwa mwaka 1978. Niliinunua mnadani mwaka 1999, na pamoja nayo nikakabidhiwa kitabu cha ufundi kilichotapakaa grisi. Mchoro umekunjwa mwishoni mwa kitabu. Ulikaa humo miaka 18 bila kukunjuliwa, kwa sababu haja haikuwapo. Umeme wa gari ukisumbua huitwa fundi umeme, naye huja na taa yake ya kupimia, yaani balbu ndogo yenye mikia miwili ya waya, akagusa hapa na pale, mambo yakaisha.

Haja ilikuja Juni 2017. Mke wangu alikuwa na presha ya macho, na kila baada ya miezi mitatu alitakiwa kliniki ya macho ya KCMC, Moshi. Sisi tunakaa juu ya Soni. Desturi yetu ilikuwa kuteremka alfajiri hadi Mombo na Land Rover, kuiacha kwa rafiki yangu, kisha kupanda basi la Moshi. Jioni tulirudi Mombo giza likiwa limeingia, tukaupanda mlima. Aliyewahi kupita barabara ile ya Mombo na Lushoto anaifahamu: upande mmoja mwamba, upande wa pili bonde ambalo usiku huwezi kuona mwisho wake, na kona haziishi.

Usiku ule tulikuwa katikati ya kona mbili taa kubwa zote mbili zilipozimika kwa pamoja. Injini ilikuwa inaunguruma kama kawaida. Taa ndogo za pembeni zilikuwa zinawaka. Nilibadili taa za juu na za chini, hakuna kitu. Nikasimamisha gari kwenye ukingo wa mwamba. Mke wangu, ambaye daktari alikuwa amemweleza siku hiyohiyo kwamba nuru iliyokwisha kupotea kwa ugonjwa ule hairudi, aliuliza kwa sauti ndogo, "Mzee, nimepofuka, au taa zimezimika?"

Nikamwambia, "Ni taa, mama. Ni taa tu."

Baada ya robo saa nilijaribu tena, zikawaka. Zilitufikisha karibu na Soni, zikazimika tena, tukamalizia safari nyuma ya lori lililokuwa likipanda na magunia ya mbolea.

Asubuhi yake taa ziliwaka kama mpya. Fundi wa kwanza niliyempelekea alizitazama, akapima, hakuona kasoro. Akanishauri ang'oe nyaya zote na kupiga wayaringi upya, akanionyesha na bunda la waya alilokuwa nalo tayari, jekundu kuanzia mwanzo hadi mwisho. Bei yake ilikuwa karibu pensheni yangu ya miezi miwili. Lakini hata kama ningekuwa na fedha, ule wekundu ulinitisha. Ni sawa na mtu kukuambia kwamba kitabu chako kimechakaa, basi atakuandikia kingine kwa herufi moja tu. Nyumbani mambo yalikuwa mabaya zaidi, kwa maana mke wangu alikuwa ametamka kwamba hatapanda tena mlima ule usiku, na kama kliniki ndiyo hiyo, basi. Kliniki iliyofuata ilikuwa Septemba.

Ndipo nilipoukunjua mchoro.

Msomaji aliyewahi kumwona mtoto akifungua kitabu kwa mara ya kwanza atanielewa. Mistari ilikuwa imejazana kama ukili uliofumuka. Nilienda mjini Lushoto nikautolea fotokopi mara mbili ya ukubwa wake, nikaazima penseli za rangi za wajukuu, nikakaa barazani. Siku mbili za kwanza sikupaka rangi yoyote, nilisoma alama. Mistari miwili ikipishana bila nukta, nyaya zake hazijuani, zimepitana tu kama watu sokoni. Ikipishana na kuna nukta, zimeungwa. Duara lenye msalaba ndani ni balbu. Vijistari vitatu vinavyopungua urefu kuelekea chini ni mahali ambapo waya umefungwa kwenye bodi ya gari, ambapo mafundi hupaita athi. Tena jambo moja ambalo hakuna aliyekuwa ameniambia: mchoro huchorwa gari likiwa limezimwa, swichi zote zimefunguka. Kwa hiyo ni juu ya msomaji mwenyewe kuifunga swichi kichwani mwake na kuuona umeme ukipita. Nilipenda hilo.

Kisha rangi. Mchoro wenyewe ni mweusi na mweupe, na kila waya umeandikwa herufi. Waingereza walipata taabu, kwa sababu majina ya rangi nyeusi, kahawia na buluu katika lugha yao yote yanaanza na B. Wakaipa nyeusi B, kahawia wakaipa N na buluu wakaipa U, herufi walizozitoa ndani ya majina yenyewe. Wajapani wa Toyota, kwa taabu hiyohiyo, wao buluu wameipa L na kahawia BR. Hakuna aliyekosea, kila mmoja ana tahajia yake.

Katika magari ya Kiingereza ya zama zile rangi hazikuwekwa kwa kupendeza. Kahawia ni umeme utokao moja kwa moja kwenye betri, hauzimwi na funguo wala haulindwi na fyuzi. Zambarau nao hauzimwi, ila umepita kwenye fyuzi. Nyeupe huja baada ya kuwasha funguo. Kijani ni huohuo mweupe ukiwa umekwisha kupita kwenye fyuzi. Buluu ni taa kubwa, nyekundu ni taa ndogo, nyeusi ni athi. Halafu kuna michirizi. Rangi kubwa ni jina la ukoo, mchirizi ni jina la mtu. Kijani chenye mchirizi mwekundu ni indiketa ya kushoto, chenye mweupe ni ya kulia, chenye zambarau ni taa za breki. Wote wa ukoo wa kijani, na wote hulala funguo ikizimwa.

Nilianza na honi kwa kuwa ina njia fupi. Nilitegemea kuona umeme ukitoka betri, ukifika kwenye kitufe, kitufe kikiuruhusu uende honi. Sivyo. Waya wa zambarau unakwenda kwanza honi yenyewe, na umeme uko pale mchana na usiku. Kutoka honi, waya wa zambarau wenye mchirizi mweusi ndio unaorudi hadi kwenye kitufe, na kitufe kinaufunga kwenye athi. Honi haisubiri kupelekewa umeme; inasubiri njia ya kuutoa. Nilicheka peke yangu barazani hata mke wangu akatoka jikoni kuuliza kulikoni. Tangu hapo kila mstari niliuuliza maswali mawili: unatoka wapi, na unarudi kwa njia gani?

Basi nikazifuata taa kubwa. Kahawia kutoka betri hadi swichi ya taa. Kutoka swichi ya taa, waya mmoja wa buluu mtupu hadi swichi ya kubadilishia taa za juu na za chini. Hapo njia inagawanyika: buluu wenye mchirizi mweupe kwa taa za juu, buluu wenye mchirizi mwekundu kwa taa za chini, na kila mmoja unagawanyika tena kulia na kushoto. Nilipomaliza kupaka rangi niliweka penseli chini. Taa zote mbili zilizimika kwa pamoja, za juu na za chini vilevile. Balbu mbili haziungui kwa sekunde moja. Waya wa kulia ukikatika, kushoto hubaki. Njia ya taa za juu ikikatika, za chini hubaki. Na kwa kuwa taa ndogo, zinazopata umeme kwenye swichi ileile ya taa, hazikuzimika, waya wa kahawia nao ulikuwa mzima. Kilichosalia ni kile kipande ambacho taa zote kubwa wanakichangia, wala hakichangiwi na mwingine: buluu mtupu, na swichi zilizoko kwenye ncha zake. Kipande kisichozidi urefu wa mkono wangu, katika gari lenye nyaya za kuzunguka uwanja wa shule.

Fundi mwekundu alitaka kung'oa zote.

Kwa nini basi asubuhi ziliwaka? Hapo hesabu ya darasani ilifaa. Balbu mbili za wati 60 ni wati 120. Ukigawa kwa volti 12 ni ampea 10, na ampea zote 10 zinapita kwenye waya ule mmoja. Kiungo kikilegea kikawa na ukinzani mdogo tu, tuseme sehemu mbili za kumi za omu, zidisha ampea kwa ampea, kisha kwa ukinzani: wati 20 za joto, kwenye kiungo kidogo kuliko kifundo cha kidole. Pasi ndogo ya kulehemu haizidi hapo. Kinapata moto, kinatanuka, kinaachia. Kikipoa kinashika tena. Fyuzi, hata ingekuwapo kwenye njia hiyo, isingelia, kwa maana umeme unaopita hauzidi kipimo chake. Fundi anayepima asubuhi, gari limelala kwenye baridi ya Soni, hawezi kukiona, hata awe hodari vipi. Taa ziwake nusu saa kwanza.

Nilimtafuta fundi mwingine, kijana wa kona ya chini, aliyejifunzia kazi kwa mjomba wake na ambaye mikono yake naiheshimu. "Shikamoo, Mwalimu," alisema, kisha akautazama mchoro wangu wa rangi na kuurudisha. "Hiyo ni mambo ya wasomi. Mimi naenda kwa kugusa."

"Marahaba, mwanangu. Basi tutagusa," nilimwambia. "Ila mimi nitakuonyesha pa kugusa."

Tuliwasha taa tukaziacha. Tulifungua kifuniko cha nguzo ya usukani. Baada ya dakika kama 25 zikazimika, naye akapitisha vidole kwenye waya wa buluu mpaka akavirudisha kwa haraka akipuliza. Kiungo kilikuwa kimebadilika rangi na plastiki yake kukauka kama ganda la muwa. Alikata sehemu ile, akaweka kiungo kipya, akakibana vizuri. Kazi yote ilitugharimu fedha ya soda mbili na kiungo kimoja. Septemba tulikwenda Moshi, tukarudi usiku, na taa hazikuzimika. Mke wangu alishika kishikio cha mlango tangu Mombo hadi nyumbani, lakini alikwenda, na ameendelea kwenda.

Kijana alirudi jioni ya kesho yake. Hakusema ametaka nini. Alizungukazunguka gari, kisha akaomba kuiona tena ile karatasi. Niligundua upesi kwamba kusoma Kiswahili anajua vizuri. Kilichomfukuza kwenye michoro ni ule ukurasa wa maelezo wa Kiingereza wenye namba zaidi ya sitini, kila namba na kifaa chake. Katika miaka ya 1970, tulipokuwa tukifundisha watu wazima jioni kwa vitabu vya kisomo chenye manufaa, mkulima alijifunza herufi kwa maneno ya shamba lake mwenyewe, na niliona wazee wakisoma katika miezi michache. Tukafanya vivyo hivyo. Tulikaa jioni kama tisa na daftari, tukauandika ukurasa ule wote kwa Kiswahili. Mimi nilileta maana, yeye alileta majina, kwa maana majina ya vitu ni ya gereji: stata, altaneta, rilei, koili. Nilipotaka kuandika "kifaa cha kumweshea indiketa" aliniambia hakuna duka Lushoto litakalokiuza kwa jina hilo. Tukaandika "flasha".

Naye alinifundisha yasiyomo mchoroni. Waya wa miaka arobaini hauna rangi. Zambarau na kahawia ndani ya vumbi ni ndugu. Unapangusa kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, na ukishindwa unafungua tepu kidogo, utazame pale ambapo jua halijawahi kufika. Hilo hakuna kitabu kilichoniambia.

Mwaka uliofuata gereji yake ililetewa Volkswagen Golf ya zamani, mwenyewe anataka kufungiwa redio. Nilikuwa nimekaa kwenye tairi nikisubiri. Kijana aliinama chini ya dashibodi, akaona waya mnene wa kahawia, mkono ukaenda na mkasi. Kisha ukasimama. "Mwalimu," aliita akiwa bado chini, "hawa nao kahawia yao ni ya betri?" Si ya betri. Katika magari ya Kijerumani kahawia ni athi, na umeme wa betri ni mwekundu. Rangi ileile, maana zimepinduka. Wajerumani wao wametegemea zaidi namba: 30 ni betri, 15 ni umeme wa baada ya funguo, 50 ni stata, 31 ni athi. Ukitazama rilei ya dukani, hata ya kufungwa kwenye Toyota, utakuta imechapwa 30, 85, 86 na 87. Ni namba zao hizo. Kijana alizinakili nyuma ya daftari, akafunga redio. Tangu siku ile, gari geni likija haulizi kwanza ni la mwaka gani, anauliza limetoka nchi gani.

Lililotupa kazi kuliko yote ni la nyuma ya Land Rover yangu, na nalieleza kwa sababu mafundi wengi hulihesabu kuwa uchawi. Ukikanyaga breki mchana, taa ya breki ya kushoto iliwaka kwa unyonge, na papo hapo taa za dashibodi nazo zilimulika kidogo, ilhali swichi ya taa imezimwa. Wapi breki, wapi dashibodi? Kwenye mchoro jibu halionekani ukitafuta mistari, kwa kuwa njia ya kurudi haikuchorwa. Zimechorwa alama za vijistari vitatu tu, kana kwamba bodi nzima ya gari ni kitu cha kuaminiwa. Lakini Land Rover ina bodi ya aluminiamu juu ya chasisi ya chuma, na metali hizo mbili zikikutana kwenye unyevu hulana. Athi ya kushoto ilikuwa imekwisha kuwa unga mweupe. Umeme wa breki ulifika kwenye balbu, ukakosa pa kutokea, ukaingia kwenye uzi wa pili wa balbu ileile, ule wa taa ndogo, ukapanda kinyumenyume kwa waya mwekundu na kutokea kwenye kila taa ndogo iliyokuwa na athi nzima, hadi dashibodi. Tulikwangua, tukafunga waya mweusi mpya hadi kwenye chasisi, uchawi ukaisha.

Daftari sasa liko gerejini, limevikwa nailoni. Limeongezwa kurasa za Toyota, ambazo ni rahisi zaidi kwa kuwa kila njia huchorwa peke yake, umeme juu na athi chini. Vijana wawili wanaojifunza kwake hawaruhusiwi kushika mkasi kabla ya kufuata njia moja kwa kidole mbele yake, wakianza katikati.

Katika gari langu umebaki waya mmoja wa kijivu usiomo mchoroni. Unaanzia kwenye boksi la fyuzi, unapita chini ya kiti cha dereva, na umekatwa karibu na mlango wa nyuma. Aliyeuweka ni mmoja wa waliolimiliki kabla yangu. Kijana anataka kuung'oa. Nimemwomba auzungushie tepu kwenye ncha na kuuacha, mpaka tujue ulikuwa unapeleka umeme kwenye nini.